Matairi Manne ya Kumfuata Bibi Kilimani

Buyenzi, Bujumbura
Jumapili, mvua imepumzika kidogo

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo. Kwa heshima na taadhima, kwa niaba yangu na ya mtaa mzima wa Buyenzi, natangaza kwako, na kupitia kwako kwa wana wa Ujiji wote popote walipo, kwamba Jumatano iliyopita, baada ya sala ya adhuhuri, mbele ya mashahidi kumi na saba na mbuzi mmoja aliyekuwa anapita zake, gari la tajiri wangu lilifungwa matairi manne mapya. Mapya kwa maana ya huku: yametumiwa na mtu mmoja tu, na mtu mwenyewe hatumjui.

Baada ya tangazo nirudi kwenye adabu. Hujambo dada? Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Shemeji ameacha kukohoa, au ameacha tu kukohoa mbele yako? Mimi ni mzima, nakula, nalala, na nikisikia milio ya usiku nageukia upande wa pili kama wenyeji. Barua yako ilinifikia imelowa mafuta ya mawese upande mmoja, kwa sababu ilisafiri chini ya madumu. Maneno yako ya hasira niliyasoma yote vizuri. Yale ya upole yalikuwa yamefutika. Naamini yalikuwepo.

Umeniuliza kwa nini naendelea kuendesha gari kwenye nchi ya vita wakati wenzangu wanaendesha trekta Kasulu kwa amani, na kama kuna mwanamke, nikuambie. Dada, kuna mwanamke. Ana miaka sitini na kitu, ana mkono mmoja uliopinda kwa kuinua vyuma, na anauza matairi. Tulia, nikueleze kwa utaratibu.

Tajiri wangu, Hajji Kassimu, unamjua kwa barua zangu: muuza vitenge, mtu mwema, mwenye sauti kubwa kuliko duka lake. Mwezi uliopita alifika mtu dukani, amelowa, akakaa kwenye ngazi. Akapewa chai. Alipomaliza chai ndipo akasema katoka kilimani kwao Hajji, kule juu ng'ambo ya Bugarama, na kwamba mama yake Hajji alianguka kwenye migomba, nyonga imevunjika, na ni siku ya kumi na nane hajasimama. Zahanati ya kule imefungwa tangu mganga wake alipokimbia. Dawa iliyobaki ni maji ya moto na maombi.

Hajji hakupaza sauti siku hiyo. Aliniita nyuma ya duka, akasema polepole, "Issa, we ndiyo shofa. Tunaenda kumuleta mama."

Sasa uielewe hiyo safari ilivyo, maana kila kitu kinategemea hapo. Barabara ya kupanda milimani haipitwi na mtu peke yake. Asubuhi magari yanakusanyika, askari wanakaa mbele na nyuma, msafara unaondoka pamoja. Mchana msafara mwingine unashuka. Sheria ya msafara ni moja tu: haumsubiri mtu. Gari likiharibika, wenzako wanakupita wakiwa wanatazama mbele, kama watu wanaopita msibani kwa adui. Na kwetu sisi lami ilikuwa nusu ya kazi tu. Kwenye njia panda tulitakiwa tuchepuke kushoto, kilomita tisa za udongo mwekundu hadi kilimani, tumpakie Bibi, ndivyo ninavyomwita mama yake Hajji, na kilomita zile zile tisa kurudi, kabla msafara wa kushuka haujapita. Ukiukosa, unalala pale. Kulala pale watu hawashauri.

Gari letu ni jeep ya zamani, injini nzima, roho ya ng'ombe. Lakini matairi yake yalikuwa vipara kama kichwa cha shemeji. Naomba radhi. Siku ya mvua, mbele ya msikiti, mahali pa tambarare kabisa, liliteleza likajigeuza likatazama lilikotoka. Kwa hiyo ilikuwa ama tupate matairi ya kushika tope, ama Bibi abaki kule alipolala, na sisi labda tubaki naye.

Na kupata matairi sasa hivi, dada, si mchezo. Nchi jirani zimefunga njia za biashara, ya kwetu ikiwemo. Watu wakianza kuwasema Watanzania mbele yangu, mimi nafungua boneti naangalia maji ya rejeta. Nimeangalia maji hayo mara nyingi mwaka huu.

Mahali pa kwanza Hajji aliponipeleka ni Zone Industrielle, kule kwenye maghala karibu na bandari. Huko kuna bwana mmoja anaitwa Fabiani, ana suruali yenye mkunjo wa pasi kama wembe, na ghala lake lilikuwa la pamba zamani. Sasa anauza vitu vilivyoachwa na wazungu waliopanda ndege kwa haraka. Alitupitisha katikati ya friji na piano, hadi pembeni, akashika kona ya turubai, akatutazama kwanza, halafu akalivuta.

Subhanallah. Nisikufiche, hata mimi nilisogea karibu. Rimu nne za aluminiamu, pana, zimetobolewa mashimo kama petali za ua, zinang'aa mpaka unamwona Fabiani ndani yake amekunjwa mara nne. Na juu yake matairi manene kama mkate wa kumimina. Nimesoma magari miaka kumi na moja na sijaona kitu kizuri vile kimeegemezwa ukutani.

"Patron," Fabiani akasema, akiigonga rimu moja kwa kidole, "hii si janti. Hii ni jina."

Hajji alichuchumaa akaipapasa. Nilimwona usoni, na hapo ndipo nilipoogopa. Baadaye kwenye gari aliniambia, na nadhani hakuwahi kumwambia mtu: "Mi nilitoka kule kilimani na chumvi ya kuuza, nimebeba kichwani, watu wananicheka. Kama mama yangu anatoka pale, watu waone anatoka namna gani." Utambishia mtu wa namna hiyo? Sikumbishia. Nilisema tu, "Hajji, tujaribu kwanza."

Tukazifunga mbili za mbele pale pale uani. Gari likasimama kifua mbele. Mbele lilikwenda vizuri sana, na nyuma vizuri vile vile. Tatizo lilikuwa kona. Nilipokata usukani, tairi lilitoka nje kuliko mwili wa gari, likauma bati la tope kwa sauti ambayo mpishi wa jirani alitoka kuitazama.

"Si kitu," Fabiani akasema, akionyesha mwili wa gari. "Munakata karosri kidogo."

"Kidogo kiasi gani?" nikauliza.

Akapima kwa kiganja, akafikiri, akaongeza kiganja cha pili.

Na Hajji, wallahi, akageuka kunitazama kama mtu anayeuliza kisu kiko wapi! Nikaomba kwa unyenyekevu wote kwamba kabla ya kukata gari tupite kwa Mama Zaina tukasikie bei nyingine, kwa sababu bei nyingine ni neno ambalo tajiri yeyote hulisikia hata akiwa kwenye mapenzi. Bei za huku sikutajii, usije ukaanguka ukaumia goti la pili.

Sasa ndiyo huyo mwanamke wangu.

Mama Zaina ana duka hapa hapa Buyenzi, kwenye mmoja wa ile mitaa yetu ya mafundi ambayo kutoka asubuhi ni nyundo na adhana, adhana na nyundo. Mumewe alikuwa muuza matairi. Alipofariki ndugu wakaja kugawana duka, wakakuta mjane amekaa mlangoni juu ya tairi la lori na hakuonyesha dalili ya kusimama. Bado amekaa. Matairi yake yote yananuka ndagala, ndiyo dagaa wetu, kwa sababu yanavuka ziwa chini ya magunia ya dagaa hao na kushushwa ufukweni, upande wa Kajaga. Hapa mtu akitaka kujua tairi ni la kweli, halitazami kwanza, analinusa. Nami nikinusa, dada, nasikia nyumbani. Yamepita mbele ya nyumba yako kabla ya kufika kwangu.

Tulipofika hakuinua kichwa. "Njia gani?"

"Mama Zaina," Hajji akasema, "salamu kwanza."

"Salamu iko ya bure, utaipata. Njia gani?"

"Bugarama. Halafu kushoto, kilimani."

"Udongo mwekundu ao mweusi?"

"Mwekundu."

"Nani anaendesha?"

"Huyu."

Akanitazama mikono, si uso. "Mutu wa wapi?"

"Ujiji, mama."

"Eh! Nyinyi ndiyo mulifunga njia. Na matairi yangu yote yanatoka kwenu. Sasa mulifunga ao mulifungua?"

"Mchana tumefunga, mama."

Akacheka mpaka mkono ule uliopinda ukatetemeka. "Huyu ana akili. Hajji, kaa pale."

Pale ni rimu ya lori yenye mto juu yake, karibu na ukuta. Buyenzi yote wanaijua: ni kiti cha wenye magari. Kwa Mama Zaina desturi ni kwamba mwenye gari analipa, dereva anachagua, na mwenye gari wakati huo anakaa kimya. Si utani. Kila tairi ambalo mwenye gari analisemea neno, linarudishwa ndani na haliuzwi tena siku hiyo. Anasema matairi yaliyochaguliwa na matajiri ameyaona mengi, yako kwenye mabonde, yanaelea vizuri.

Hajji akakaa. Dakika haikupita akasema, "Lakini lile pana pale..."

Mama Zaina akalisukuma kwa mguu. Likaviringika hadi ndani gizani, tukalisikia likianguka. Hajji akafunga mdomo, akashika ndevu zake kama mtu aliyeshika kamba ya mbuzi.

Nikaanza kuchagua. Sasa hapa nikiri jambo. Unajua shule niliiacha darasa la nne na kusoma nimejimalizia mwenyewe, kwenye magunia ya saruji, makopo ya maziwa na mbavu za matairi. Ubavu wa tairi ni kitabu kifupi lakini kamili: unakuambia upana wake, kimo chake, rimu inayomfaa, uzito anaoweza kuubeba, na ukijua pa kutazama, kuna tarakimu tatu ndogo zinazotaja wiki na mwaka aliozaliwa. Watu wachache wana habari nyingi hivyo kujihusu. Kwa hiyo nikapita nikisoma kwa sauti, ili Mama Zaina asikie amepata mtu wa namna gani. Nikafika kwenye tairi moja lenye meno marefu, makali, yamepangwa kama mahindi mabichi. Nikasoma ubavu. Kila kitu sawa. Nikaligonga, nikasema, "Hili, mama, ni la kwanza."

"Umechagua na nini?"

"Na ubavu wake."

"Ubavu unasema siku alizaliwa. Apana kusema aliishi namna gani." Akalilaza. "Tia mukono ndani. Funga macho. Tembeza."

Nikatia mkono. Ndani kulikuwa na makovu, dada, kama mgongo wa mtu aliyefungwa zamani. Nyuzi zilikuwa zinakaribia kutoka. Yale meno niliyoyasifu yalikuwa yamechongwa. Kuna fundi mmoja mtaa wa Cibitoke, nilikuwa nimesikia habari zake nikadhani ni uzushi, anachukua tairi lililoisha kabisa, anapasha kisu moto, na kwa mkono tu, bila rula, analichonga mistari mipya, sawa kwa sawa, pembe kwa pembe, kisha analipaka dawa nyeusi. Mama Zaina alilinunua moja kwa makusudi, analiweka katikati ya mazima kwa ajili ya madereva wanaosoma kwa sauti.

"Huyu fundi iko na mukono," akasema, akipitisha kidole kwenye ile mistari, na niliona anamheshimu kweli. "Mi nikimukuta nitamupa kazi. Lakini mutu apande nayo mulima? Apana."

Hajji kwenye kiti chake alikohoa, lakini kikohozi si neno, kwa hiyo hakuna kilichorudishwa ndani.

Tangu hapo nilichagua nikiwa nimefumba macho. Anasema fumba, nafumba. Anasema piga kofi, sikiliza: zima linajibu kama ngoma, lililobebeshwa mizigo mizito linajibu kama godoro. Analimwagia maji ya sabuni, anasubiri povu, anatazama kama mtu anayemsikiliza mtoto wake anadanganya. Halafu, la mwisho, anatoka hadi barabarani, analiviringisha peke yake katikati ya baiskeli na watu, na kufumba jicho moja. Linayumba, analikataa. Linakwenda sawa, anasema "Bon," na hakuna anayethubutu kulizuia mpaka lianguke lenyewe. Wauza mandazi wa mtaa ule wote wamejifunza kuruka. Nimeona wakuu wa serikali na nimemwona askofu akipita na gari lake, lakini sijaona watu wakimpisha mtu kama wanavyoyapisha matairi ya Mama Zaina.

Yalipatikana manne. Si manene, na meno yake ni ya kawaida, mbali mbali, ili tope lisigande katikati. Meusi, yananuka ndagala. Na rimu za chuma, nyeusi pia, zimepakwa rangi ya lango.

Hapo Hajji akashindwa. "Mama Zaina, nisamehe. Na zile janti za Fabiani?"

Tulingoja tuone kipi kitarudishwa ndani. Lakini yeye akauliza kwa upole kabisa, "Zinang'aa?"

"Kama fedha."

"Nzuri. Mutu wa bunduki wa kilima cha pili atajua umefika, mama yako hajajua."

Hajji akatazama chini. Mama Zaina akaokota nyundo, akaigonga rimu ya chuma ukingoni mpaka ikabonyea, akaigeuza, akaigonga tena ikanyooka. "Hii, fundi wa jembe yeyote ya kilimani anaitengeneza. Ile ya Fabiani ikipiga jiwe inapasuka kama sahani. Mama yako anataka kuona janti ao anataka kuona mutoto wake?"

Mtu mzima mwenye ndevu nyeupe akajibu, "Mutoto wake," kama yuko madrasa.

Ndivyo yalivyofungwa siku ile ya Jumatano, na mashahidi niliowataja, na mbuzi. Gari likawa refu zaidi, kiasi kwamba Hajji sasa anapanda kwa kreti ya soda. Nimegundua pia kwamba tairi likiwa kubwa, mshale wa mwendo unadanganya: unaposema hamsini gari limeshapita hapo. Nimemweleza Hajji, akafurahi, akasema basi tunafika mapema kuliko tunavyofika. Na ni Mama Zaina, si sisi wanaume, aliyeuliza mama mwenye nyonga iliyovunjika atapanda vipi kwenye gari lenye kimo kile. Hatukuwa tumefikiri. Tulikuwa tumeliinua gari kwa ajili ya mtu asiyeweza kuinuka. Akatupatia godoro na mlango wa choo uliong'olewa, tumbebe juu yake na kumlaza nyuma.

Tulipokuwa tunaondoka alileta tairi la tano, bora kuliko yote manne, akalifunga mwenyewe nyuma ya gari. Hajji akatia mkono mfukoni.

"Hii apana kuuza," Mama Zaina akasema. "Hii nakuazima. Utairudisha."

Alinitazama mimi alipolisema, na safari hii alinitazama uso. Wewe ulinilea, unajua hakuna aliyewahi kunitaka nirudi kwa maneno ya namna ile isipokuwa wewe, na wewe hutumia maneno makali zaidi. Ndilo jibu la swali lako. Nabaki kidogo, nijifunze kwa mtu huyu. Nikirudi Ujiji nataka niwe najua kitu kimoja kama yeye anavyokijua.

Tuliondoka Ijumaa. Kwenye kusanyiko la msafara, madereva ambao kawaida hawasalimiani walikuwa wanapeana mikono. Mbele yetu lilikuwa lori la maharage. Tulipokaribia kona za juu, palipo na ukungu, tukasikia mlio mmoja, mkubwa. Sote garini tuliinama. Hajji aliingia chini ya kiti kwa wepesi ambao sikumjua nao. Haikuwa risasi. Lilikuwa tairi la lori, la nyuma kushoto. Lori likapinda, likasimama ukingoni. Msafara haukusimama. Dereva wake alikuwa ameshashuka, amesimama na spana mkononi, anatutazama tunavyopita, mmoja mmoja. Na mimi nilipita, dada. Nilitazama mbele kama wote. Nilisikia baadaye kwamba askari wa gari la mwisho walimbeba. Lori hawakulibeba, na tulipolipita tukishuka halikuwa na hata tairi moja.

Ya kilimani yasikusumbue. Muhimu ni kwamba Bibi tumemleta. Yuko hospitali, nyonga imefungwa, amekwisha kugombana na wauguzi wawili, na daktari anasema hiyo ni dalili nzuri. Gari liliingia Buyenzi lina tope hadi kwenye vioo. Mtaa mzima ulitoka kulitazama, na Hajji alisimama juu ya kreti yake akawaeleza jinsi matairi yalivyokishika kile kilima. Tairi la tano nililirudisha kabla sijafika nyumbani kunawa. Mama Zaina alitia mkono ndani, akalitembeza, akasema "Bon." Basi.

Nisalimie shemeji, na ile habari ya kipara usimsomee. Nisalimie mama mkubwa, anayenidai barua. Mwambie hii ni nusu yake. Salamu kwa mjomba Hamisi fundi cherehani, mwambie huku suruali za mkunjo zipo, nimemwona mwenye nazo. Mwalimu wa madrasa umpe mkono wangu. Mkwe wako muuza dagaa umpelekee salamu za pekee na umwambie magunia yake yanafika salama, pamoja na yaliyo chini yake. Na wewe upake goti mafuta.

Mimi mdogo wako akupendaye kwa mbali na kukuogopa kwa karibu,

Issa

Naongeza chini ya jina, kwa sababu mwenye mashua ameahirisha hadi kesho, na karatasi bado ina nafasi, na mtu haandiki uongo kwa dada yake hata kama ni kwa kunyamaza tu. Hajji aliniambia, "We Issa, ile ya njia panda tuiache kwa njia panda." Lakini yeye hakulelewa na wewe.

Tulipofika njia panda, nikiwa nimeshatia gia ya tope, nimeshasoma dua zote ninazozijua, Bibi alikuwa pale. Pembeni ya lami, amelazwa kwenye ingobyi, kile kitanda cha kusuka ambacho watu wa huku hubebea wagonjwa mabegani. Alikuwa amefunikwa majani ya mgomba kwa ajili ya mvua, na alikuwa anamgombeza mtu. Yule bwana aliyeleta habari alikuwa ametangulia na msafara wa Alhamisi, akawaambia siku tutakayopita, na majirani wakaona gari litahangaika bure kwenye njia ile. Wakambeba tangu alfajiri.

Walikuwa wanaume wanne. Hajji alishuka, akampigia magoti mama yake kwenye maji ya mfereji, akalia. Wale wanne wakasubiri amalize, kisha wakaiinua ingobyi wakaiingiza ndani ya gari kwa mara moja, bila kugusa pembeni, kimo kile kile kilichotushinda kufikiri. Bibi hakulia hata kidogo. Mmoja wao akayatazama matairi yetu, akayasifia kwa adabu. Wakanywa maji, wakakataa chochote isipokuwa chumvi, wakarudi.

Tukasubiri msafara wa kushuka masaa matatu. Ndani ya masaa hayo Hajji aliniamuru nichepushe gari hatua ishirini kwenye tope, nilikanyage mbele na nyuma mpaka tope lipande kwenye vioo, halafu nirudi kwenye lami. Nikafanya. Matairi yalishika vizuri sana.

Wale wanaume wanne walikuwa peku.